Kipandauso kwa watoto: mkono ukipata joto, kichwa hupata nafuu

Mtoto anayelalamika kichwa kila wiki huambiwa anakwepa shule. Katika safari zangu za mipakani nimewasikia hivyo wazazi wengi, waliorejea nyumbani na hata wale wanaovuka alfajiri na mizigo yao. Wamempima mtoto malaria, hana. Wamempa vidonge, kesho kichwa kinarudi.

Ndugu msomaji, kipandauso huwapata watoto pia. Kichwa hugonga, tumbo huchafuka, mtoto hukimbia mwanga na kelele. Wasiwasi na usingizi haba huzidisha, na mtoto aliyehamahama anavyo vyote viwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa taasisi ya Menninger mjini Topeka, Marekani, akiwemo Elmer Green, waligundua kuwa mama mmoja alipata nafuu ya kipandauso wakati ule ule mikono yake ilipopata joto. Ndipo wakaanza kuwafundisha wagonjwa kupasha mikono yao kwa utulivu. Tiba hiyo huitwa bayofidibeki.

Mtoto hufungwa kipimajoto kidogo kidoleni na kuona namba kwenye kompyuta. Hofu hubana mishipa ya damu, vidole vikapoa. Akipumua polepole na kulegeza mabega, namba hupanda. Baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, hufanya hivyo bila mashine.

Kwa nini tujali? Mwaka 2017 matokeo ya utafiti wa Marekani kwa watoto na vijana 361, wa miaka 8 hadi 17, yalionyesha kuwa dawa mbili za kuzuia kipandauso hazikushinda vidonge visivyo na dawa.

Mashine hizi ni adimu kwetu, lakini pumzi tunayo. Mwambie mtoto avute hewa kwa kuhesabu hadi 4, aitoe kwa kuhesabu hadi 6, dakika 10 kila siku, hata asipoumwa. Shika vidole vyake kabla na baada. Nimejaribu kwa vyangu, vilipata joto. Ale kwa wakati, anywe maji, alale mapema.

Hata hivyo, kichwa chenye homa, shingo ngumu, degedege au kutapika kila asubuhi si cha kungojea. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

La kwanza kabisa, msadiki. Mtoto anayeitwa mwongo huzidi wasiwasi, na wasiwasi huo humrudishia maumivu.