Mtoto Baada ya Chekechea: Namna ya Kuyafuatilia Maendeleo Yake

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ndiyo kiini cha hoja inayotolewa na serikali nyingi zinapotenga fedha za umma kwa ajili ya shule za chekechea. Hudaiwa kwamba mtoto akifunzwa mapema atasoma vyema, na akiwa mtu mzima atajitegemea. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti wajibu wa elimu hiyo. Lakini methali haisemi samaki aliyekunjwa atabaki amekunjika kwa muda gani. Swali hilo halijibiwi ila kwa kumfuata mtoto miaka mingi baada ya kuiaga chekechea. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kwa kutumia mifano mitatu ya Marekani, ambako uchunguzi wa aina hii una historia ndefu.

Shida ya kwanza ni ya kulinganisha. Watoto waliosoma chekechea wakipimwa pamoja na wasioisoma, huenda wale wa kwanza wakaonekana kuwa mbele. Hata hivyo, haitajulikana kama sababu ni shule au ni wazazi, kwani mzazi anayejihimu kumwandikisha mwanawe mapema huenda ndiye pia anayemsimulia hadithi nyumbani. Njia bora ya kuuondoa utata huo ni kura. Pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Waliokosa hawatofautiani na waliopata ila kwa bahati tu; kwa hiyo tofauti kubwa itakayojitokeza baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa ni zao la chekechea yenyewe.

Mfano wa kwanza ni wa shule ya Perry, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Kuanzia mwaka 1962, David Weikart, aliyekuwa mtumishi wa shule za umma za mji huo, aliwagawa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi katika makundi mawili kwa njia iliyokaribia kura. Watoto 58 waliingizwa katika chekechea na 65 hawakuingizwa. Waliosoma walifunzwa kila asubuhi, na mwalimu aliwatembelea nyumbani mara moja kwa juma. Mwanzoni walipata alama za juu zaidi katika vipimo vya akili, lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti hiyo ilitoweka. Lau wachunguzi wangalikoma hapo, wangalisema kazi yote ilikuwa bure. Hawakukoma. Watu hao walipofikia umri wa miaka 40, asilimia 97 ya waliokuwa hai walipatikana na kuhojiwa. Ilionekana kwamba waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36 ya waliosoma chekechea, na asilimia 55 ya wale wengine. Waliosoma walizidi pia kwa idadi ya waliohitimu shule ya sekondari na kwa mapato.

Perry, hata hivyo, ilikuwa shule moja ndogo yenye walimu wateule. Je, mpango wa jimbo zima utafanya vivyo hivyo? Jimbo la Tennessee lilianzisha chekechea ya hiari kwa watoto wa familia maskini mwaka 2005. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuata watoto 2,990 ambao majina yao yalipigiwa kura katika shule zilizojaa. Mwisho wa mwaka wa chekechea, waliosoma walikuwa mbele; mwaka mmoja baadaye wenzao walikuwa wamewafikia. Matokeo ya darasa la sita, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliwashangaza wengi: waliosoma chekechea walikuwa nyuma katika kusoma, hisabati na sayansi, na makosa yao ya nidhamu yalikuwa mengi zaidi.

Mfano wa tatu unageuza tena mizani. Katika mji wa Boston, watoto zaidi ya 4,000 waliombewa nafasi katika chekechea za umma kati ya mwaka 1997 na 2003, na kura ikaamua. Katika mitihani ya jimbo hakukuonekana tofauti yoyote ya maana baina ya waliopata nafasi na waliokosa. Lakini rekodi zilipofuatwa hadi baada ya sekondari, ilibainika kwamba chekechea iliongeza idadi ya waliojiunga na chuo kwa wakati wake kwa kiasi cha asilimia 8 ya watoto wote, na kupunguza idadi ya waliosimamishwa shule na ya waliofungwa wakiwa bado vijana.

Mifano hii haikubaliani, na wala haifai kulazimishwa ikubaliane. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Kutambua herufi na rangi ni ujuzi ambao mtoto yeyote ataupata akiingia shule. Aliyetangulia atafikiwa tu. Uvumilivu na mazoea ya kushirikiana huchelewa kuonekana, na mtihani wa karatasi hauvipimi. Tena, shule inayompokea mtoto ikirudia aliyokwisha kufunzwa, faida yake huyeyuka. Jambo moja lakini ni dhahiri: hukumu hutegemea kilichopimwa na wakati wa kukipima. Aliyeipima Tennessee mwisho wa mwaka wa kwanza angaliisifu, na aliyeipima Boston kwa mitihani peke yake angaliifunga.

Kwa kaunti za Kenya, somo hili lina upande wa lugha usioweza kupuuzwa. Mtaala unaelekeza kwamba mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Ikiwa mtoto wa kijiji cha Kwale amejifunza kuhesabu na kusimulia kwa Kidigo, kisha akapimwa kwa Kiingereza, kipimo hicho kitaonyesha kiasi cha Kiingereza alichokisikia, wala hakitaonyesha alichokipata chekechea. Maendeleo yatakuwapo, na karatasi itasema hayapo.

Kufuatilia basi huanza siku ya kuandikishwa. Pale nafasi zinapopungukia waombaji, majina ya waliokosa hayana budi kuhifadhiwa pamoja na ya waliopata, kwani bila wao hakuna wa kulinganishwa naye. Lugha ya nyumbani ya kila mtoto iandikwe. Daftari hilo lisiachwe katika kabati la chekechea mtoto anapohamia shule ya msingi, bali limfuate. Huko Ypsilanti, orodha ya majina 123 iliyotunzwa vyema ndiyo iliyowawezesha wachunguzi kuwapata watu wazima wa miaka 40 na kuwauliza maisha yamekuwaje. Jina lililopotea leo, hata mtaalamu gani hataweza kulifufua baada ya miaka thelathini.