Wasiwasi hauondoki kwa kuambiwa usijali

Kwenye zahanati zetu yupo mgonjwa ambaye kila muuguzi anamfahamu. Anaingia kashika kifua, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho, anasema presha imempanda. Anakalishwa, anafungwa mkanda mkononi, mashine inasoma 120 kwa 80. Anapimwa malaria, hana. Anaambiwa, "Huna tatizo, nenda kapumzike." Anatoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo, kwa kuwa sasa anaamini ana ugonjwa ambao hata vipimo haviuoni.

Tatizo analo, na si la kuigiza. Ubongo ukihisi hatari huziamuru tezi zilizoketi juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo huongeza kasi, damu hukimbilia misuli ya mikono na miguu, tumbo husimamisha kazi yake. Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza utendaji wa mwili, aliyaeleza haya mwaka 1915, na hadi leo ndivyo yanavyofundishwa. Ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Mtu aliyekutana na simba hukimbia, na baada ya muda mwili hutulia. Lakini maandalizi yaleyale huamshwa na ujumbe wa simu unaosema marejesho yamechelewa siku tatu, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, huwezi kuukimbia. Mwili unabaki umejiandaa asubuhi hadi usiku, wiki hadi wiki.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Hakuna maradhi ya akili yaliyoenea kuliko haya, na anayepata matibabu ni kama mmoja tu kati ya kila wanne. Waliobaki wanapewa maneno: jikaze, usijali, mwachie Mungu, mwanaume halii. Yanasemwa kwa upendo, najua. Lakini moyo unaodunda haupokei amri. Unapokea vitu vingine, na vingi tunaishi navyo bila kuvitumia.

Cha kwanza ni pumzi. Tunapovuta hewa ndani moyo huongeza kasi kidogo, tunapoitoa hupungua, kwa sababu ya mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo mwenye wasiwasi anayeambiwa "vuta pumzi ndefu" anapewa nusu ya maelekezo, tena nusu isiyo na nguvu. Kinachotuliza ni kuitoa taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha Januari 2023 utafiti wa watu waliofanya zoezi dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja: unavuta hewa kwa pua mpaka mapafu yanakaribia kujaa, unaongeza kidogo juu yake, kisha unaiachia yote kwa mdomo, polepole, mpaka iishe. Hisia zao njema ziliongezeka kuliko za waliokuwa wakitafakari kwa ukimya kwa muda uleule.

Wazee wetu walilifikia hili kwa njia nyingine. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa kazi ya Luciano Bernardi wa Italia na wenzake, waliowapima watu wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kama inavyosaliwa katika rozari. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, mwendo ambao moyo na mishipa ya damu huupenda sana. Anayeimba kwaya, anayesoma kasida, anayeleta uradi baada ya swala ya alfajiri, wote wanarefusha pumzi ya kutoka bila kuhesabu. Simaanishi kwamba ibada ni zoezi la mapafu tu. Ninachosema ni kwamba mwenye dini tayari ana mahali pa kuanzia, na asingoje mpaka hofu imshike kooni ndipo akumbuke. Dakika tano za kila siku, hata siku moyo umetulia, ndizo zinazomfaa siku ukichafuka.

Usingizi nao una neno lake, na adui yake mkubwa mjini siku hizi ni kikopo. Kijana wa bodaboda anakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu saa kumi jioni ili amalizie siku. Kafeini hukaa mwilini. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Saa tatu usiku, anapojilaza, ni kama ametoka kunywa nusu kikopo. Analala vibaya, anaamka mzito, anafungua kikopo kingine, na moyo unaodundishwa na kafeini unafanana kabisa na moyo unaodundishwa na hofu, hata mwenyewe hawezi kuitofautisha. Kahawa chungu ya barazani nayo ni kahawa. Ninaipenda pamoja na kashata yake, lakini mwenye wasiwasi aiache mapema mchana, wiki mbili tu, aone. Wengine hushangaa ni sehemu kubwa kiasi gani ya "ugonjwa" iliyoondoka nayo.

Ukishakosa usingizi, kitanda hugeuka ofisi ya mahesabu: ada, kodi ya miezi sita, mama kijijini anayehitaji dawa. Kwa hili kuna mbinu ninayoiheshimu sana kwa urahisi wake. Thomas Borkovec na wenzake wa Marekani waliijaribu mwaka 1983. Badala ya kumwambia mtu aache kuwaza, walimtaka atenge nusu saa kila siku, muda uleule na mahali palepale, awaze anavyotaka. Wazo likija nje ya muda huo, analiahirisha. Nunua daftari. Saa kumi na moja jioni kaa nalo, si kitandani, andika kila linalokukera, na mbele ya kila moja andika kama kuna la kufanya kesho au hakuna. Usiku wazo likirudi, lina mahali pake pa kungoja. Siku za mwanzo haliahirishiki kirahisi. Endelea.

Kutembea kunasaidia pia, na hapa sina haja ya kurefusha. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kwa wiki. Kushuka vituo viwili kabla ya chako kunatosha kuanzia.

Kuhusu dawa za asili nitasema wazi, kwa kuwa hapa watu wanaumia. Mchaichai unapendwa pwani yote, na utasikia kila mahali kwamba unatuliza akili. Watafiti wa Brazil waliujaribu kwa binadamu, wakawapa wengine kinywaji cha kulinganishia, na mwaka 1986 wakachapisha jibu: haukuleta usingizi wala haukupunguza wasiwasi. Endelea kuunywa kwa harufu yake, na kwa ile robo saa ya kukaa na kikombe bila simu, ambayo ina faida yake. Lakini usimwache dada yako ateseke miezi sita kwa matumaini ya majani.

Na neno "asili" lisimdanganye mtu. Mirungi ni jani la asili, na linausukuma moyo huohuo unaotaka kuutuliza. Gongo inatokana na matunda na nafaka. Inamtuliza mnywaji kwa saa chache, kisha alfajiri inamwamsha na hofu maradufu, naye anaitafuta tena. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kwa vidonge katika nchi nyingi kama dawa ya huzuni, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya ukimwi na za vidonge vya uzazi wa mpango. Anayetumia dawa za hospitali amwambie mganga wake kila anachokunywa, na amwambie daktari kila anachopewa na mganga.

Sasa nifike kwenye jambo linaloulisha wasiwasi kuliko kahawa na kukosa usingizi: kukwepa. Simu ya mkopeshaji inaita, unaigeuza kifudifudi. Kwa dakika hiyo unapata nafuu ya kweli, na nafuu hiyo ndiyo sumu, kwa sababu ubongo umejifunza kwamba umepona kwa kuwa ulikimbia. Kesho simu hiyohiyo inatisha zaidi. Kesho kutwa hata simu ya shangazi inatisha. Mwenye hofu ya kusimama mbele za watu anaacha kwenda kwenye vikao vya ukoo, kisha harusini, kisha hata msibani. Uwanja wake unapungua kila mwezi.

Njia ya kurudi ni hatua ndogo zinazorudiwa. Unafungua ujumbe mmoja, unausoma wote, unakaa na moyo unaodunda mpaka ushuke wenyewe, na utashuka, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kileleni muda wote. Kesho unapiga simu na kuuliza deni limebaki kiasi gani. Shida ni kwamba hatua hizi ni ngumu kuzipiga peke yako. Ndiyo maana habari ya Harare imenigusa kuliko yote niliyoyasoma kuhusu jambo hili.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Katika kipindi hicho Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili katika nchi iliyokuwa na madaktari wa aina yake wa kuhesabika vidoleni, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Mama yake alimweleza kwamba walikuwa wamepanga kuja hospitali, wakakosa nauli ya basi. Chibanda akaona kwamba kumngoja mgonjwa ofisini hakutoshi. Akaenda Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na huko akaambiwa hakuna chumba wala muuguzi wa kumpa. Walikuwepo bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, na palikuwa na uwanja nje ya zahanati.

Basi wakaweka benchi chini ya mti. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliogopa. Bibi wenyewe wakashauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaanza kuketi. Wagonjwa hawakuzungumzia maradhi ya wasiwasi. Walisema wana kufungisisa, yaani wanawaza kupita kiasi. Bibi anamuuliza mgeni maswali 14 kuhusu usingizi, mawazo na hali ya mwili, kisha anamwacha aseme. Wanaorodhesha matatizo yote, wanachagua moja, wanatafuta pamoja hatua moja inayowezekana, na mgeni anarudi kueleza ilikuwaje. Vikao ni kama sita. Baadaye anaunganishwa na kundi la waliopita benchi hilo, wanaokutana, wanazungumza, na kusuka mikoba kwa plastiki iliyotumika ili wapate chochote.

Matokeo yake yalipimwa kama dawa inavyopimwa. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawanywa, wengine wakapata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, wengine benchi. Ripoti ilitoka katika jarida la kitabibu la JAMA Desemba 2016. Baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za wasiwasi, na wenye dalili za sonona miongoni mwao walikuwa asilimia 14, dhidi ya 50 upande wa pili. Mpango huo umefika Malawi, Zanzibar, hata New York.

Sisi mabaraza tunayo, vijiwe tunavyo, vikoba vya akina mama vinakutana kila wiki. Huko tunazungumza mpira, siasa na marejesho, na aliyekosa usingizi mwezi mzima anacheka pamoja na wenzake kisha anarudi nyumbani na wasiwasi wake. Kinachomziba mdomo ni aibu. Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, na jina lake tumeligeuza tusi la kutupiana njiani. Mtu akilisikia likitumika hivyo tangu utotoni, atamwambia nani kwamba akili haijatulia?

Yapo mambo ambayo benchi na daftari havitoshi. Wasiwasi uliodumu miezi, unaomzuia mtu kufanya kazi au kula, hofu inayomvamia ghafla mpaka akahisi anakufa, au fikra za kujidhuru, hayo ni ya kupelekwa hospitali, na ya mwisho ni ya leo, si ya wiki ijayo. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa zinazofanya kazi. Daktari atapima pia tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa kuwa hitilafu huko huweza kuiga wasiwasi kabisa.

Kwa wengine wote, nawaomba mlio karibu nao. Ndugu yako akikuambia hapati usingizi, usimkatize kwa habari ya mtu mwenye shida kubwa kuliko yake. Usianze na ushauri. Muulize linalomkera zaidi ni lipi, umwache alitaje mpaka mwisho hata kama unalijua. Mtafute pamoja hatua moja ambayo anaweza kuipiga kabla ya wiki kuisha: kupiga simu moja, kumwona mwalimu kuhusu ada, kwenda kupima. Kama anaogopa kwenda peke yake, nenda naye. Na wiki ikiisha, mpigie umuulize ilikuwaje.