Vidonge 24 vya Alu

Vinne sasa hivi, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zaidi. Mtu mzima aliyewahi kuugua malaria Tanzania au Kenya anaijua hesabu hiyo, na anaujua uchungu wa vile vidonge vya manjano. Wengi tunaiita alu au dawa mseto. Je, wajua kwamba ilianzia kwenye mradi wa siri wa kijeshi?

Mradi huo ulizinduliwa China tarehe 23 Mei 1967, ukaitwa 523 kwa kufuata mwezi na siku. Malaria ilikuwa ikiwamaliza askari wa Vietnam Kaskazini, washirika wa China, msituni, na dawa ya klorokwini haikuwa ikifua dafu tena. Mwaka 1969 kazi ya kupekua vitabu vya tiba za jadi alikabidhiwa mtafiti wa Beijing, Tu Youyou. Mmea wa artemisia ulimvutia, lakini dondoo lake leo lilifanya kazi, kesho likashindwa. Ndipo aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, na kuona kwamba mzee huyo hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Kumbe moto ndio uliokuwa ukiiua dawa! Tu akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 tu, na Oktoba 1971 dondoo namba 191 likafuta vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilinywa wenyewe kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 2015.

Hadithi husimuliwa hadi hapo ikaachwa, nami naona inakatwa mapema mno. Kugundua kiini cha dawa ni jambo moja. Kukifikisha mkononi mwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa ni jambo jingine kabisa, na ndiyo kazi yenyewe ya tasnia ya dawa.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mwilini. Dawa ya artemisia huua vimelea kwa kasi ya ajabu, lakini baada ya saa chache imekwisha kwenye damu, na vimelea vilivyobaki huzaliana upya. Ilihitaji mwenza wa kukaa muda mrefu. Wanasayansi wa jeshi la China walikuwa wameshampata: lumefantrini, inayobaki mwilini kwa siku kadhaa na kumalizia kazi. Huo ndio mseto wenyewe. Lumefantrini hupenda mafuta, na tumbo tupu hufyonza kiasi kidogo tu. Kwa hiyo muuguzi akikuambia umeze pamoja na chakula au maziwa, msikilize. Ukipuuza, sehemu kubwa ya dawa itapita tu.

Tatizo la pili lilikuwa ushahidi. Dawa hupimwa kwanza kwa watu wachache kuona kama ni salama, kisha kwa mamia ya wagonjwa, kisha kwa wengi zaidi ikilinganishwa na tiba iliyopo. Nyingi huishia njiani. Inayovuka hupelekwa kwa wasajili, nao hukagua takwimu zote na kiwanda chenyewe. Mwaka 1994 kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi iliingia ubia na Wachina kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1996 iliungana na Sandoz, ikazaliwa Novartis, na dawa ikapewa jina la Coartem.

Kisha swali gumu kuliko yote: nani atalipa? Hataza humlinda mvumbuzi kwa miaka 20, lakini miaka hiyo huanza kuhesabika tangu maombi yanapowasilishwa, na mingi huliwa na majaribio. Kampuni hukimbilia magonjwa ya wenye fedha ili irudishe gharama yake. Mgonjwa wa malaria, mara nyingi mtoto wa mkulima, hayumo katika hesabu hiyo, na jambo hili huniuma kila ninapolifikiria. Kilichoiokoa alu ni makubaliano ya mwaka 2001, ambapo Novartis iliahidi Shirika la Afya Duniani kuiuza bila faida kwa huduma za umma. Mwaka 2002 ulianzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, ukawa miongoni mwa walipaji wakubwa. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006 badala ya dawa iitwayo SP, nayo SP ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001.

Oda zikaja kwa kishindo, majani yakapungua. Artemisia haiharakishwi: hupandwa, husubiriwa miezi, hukaushwa, na kilo 100 za majani makavu hutoa kilo moja hivi ya dawa au pungufu. Bei ilipopaa, wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda nao wakapanda. Wengine wengi duniani walikuwa wamefikiria vivyo hivyo, soko likafurika, bei ikaporomoka. Baadaye viwanda vya India vikaanza kutengeneza alu ya jeneriki, na dawa ikazidi kuwa nafuu.

Watoto walisubiri zaidi. Kwa miaka mingi mama alisaga kidonge kichungu kwa kijiko, mtoto akakitema. Ndipo kikabuniwa kidonge kitamu kinachoyeyuka kwenye maji. Kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, kikaanza kutolewa mwaka 2009. Hata hicho hakikuwa cha wachanga wenye uzito chini ya kilo 5. Dawa iliyopimwa kwa ajili yao iliidhinishwa Julai 2025, nchini Uswisi.