Mashine ya Randa Nyumbani

Seremala aliyezoea randa ya mkono, ambayo nguvu yake haizidi nguvu ya mabega yake mwenyewe, aghalabu huidhani mashine ya randa kuwa ni randa ileile iliyotiwa umeme. Ilhali ndani ya zile ndogo za nyumbani mna silinda yenye visu viwili au vitatu izungukayo hata mara 10,000 kwa dakika. Silinda ya kipenyo cha milimita 48 ikizunguka hivyo, makali ya kisu hupita juu ya ubao kwa mwendo wa takriban kilomita 90 kwa saa, huku rola zikiuvuta ubao polepole, kiasi cha mita 8 kwa dakika. Ndiyo sababu ubao hutoka laini. Na ndiyo sababu pia, likitokea la kutokea, mkono wa mwanadamu hauwahi. Kwa rai yangu, usalama wa mashine hii hupatikana au hukosekana kabla swichi haijaguswa.

La kwanza ni mahali. Ubao wa futi 12 wataka futi 12 kabla ya mashine na futi 12 baada yake, na nafasi kama hiyo ni adimu karakana ikiwa chumba cha uani; basi mashine na ielekezwe mlangoni, ubao utokee nje, nayo ikazwe kwa bolti juu ya meza isiyotikisika, na mbele yake iwekwe meza ya kuupokea ubao, iliyo sawasawa na kitanda cha mashine, kwani ubao ukining'inia huinua ncha yake ya nyuma na visu vikaichimba. Fundi asimame ubavuni, wala asiiname kuchungulia: kipande kikikataliwa na visu hurudi kwa njia kiliyoingilia.

La pili ni umeme. Mashine ya wati 1,800 huvuta takriban ampea 8 katika umeme wetu wa volti 230, mzigo ambao waya mwembamba wa kurefushia, hasa ukiachwa umeviringwa, hauuchukui bila kupata moto. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani hutaka volti 120; hiyo ikichomekwa ukutani hapa kwetu huungua.

Lakini hila kubwa imo ndani ya mbao. Misumari ya mbao kuukuu hufichuliwa na sumaku. Mvule, kipenzi cha wachonga milango, hujijengea shinani mawe ya kabonati ya kalsiamu, madini yaleyale ya matumbawe, ambayo sumaku haina habari nayo na ambayo yaweza kuyamegua makali ya kisu kwa pigo moja. Dalili yake, pale inapoonekana, ni mbao iliyokoza rangi kuzunguka mahali lilipo jiwe. Hapo patoboliwe kwanza. Mtiki nao una silika, ambayo haivunji kisu bali hukifanya butu, na kisu butu hupiga ubao badala ya kuukata. Kwa miti migumu namna hii milimita moja kwa kila pito yatosha, na kipande kifupi kuliko sentimita 35 kisiingizwe kabisa, maana rola moja ikikiacha kabla ya nyingine kukikamata, hakina tena wa kukishika.

Glavu zisivaliwe. Masikio yazibwe: kwa kipimo cha wataalamu wa afya kazini wa Marekani, kelele ya desibeli 100, ambayo mashine hizi huifikia bila taabu, haifai kuvumiliwa zaidi ya dakika 15 kwa siku. Vumbi la mbao liliorodheshwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya maradhi hayo, na la mvule huleta pumu na mwasho wa ngozi. Maranda yafyonzwe kwa bomba, na pua ifunikwe kwa barakoa.

Kwa majaribio upitishwe ubao mlaini wa msonobari, kisha unene wake upimwe kingo zote mbili. Ukitofautiana, silinda na kitanda havilingani. Plagi ichomolewe ukutani, ndipo spana ishikwe.