Tone la oili chini ya tairi la mbele lisipuuzwe

Kwa wiki mbili mke wangu alikuwa akifuta doa lilelile kila asubuhi. Pikipiki yetu hulala sebuleni, kama ilivyo kwa familia nyingi zinazohofia wezi, na kila nilipoitoa alfajiri iliacha matone ya oili sakafuni. Aliponiuliza, nilimjibu kwa mkato kwamba pikipiki ya zamani haikosi kuvuja.

“Baba watoto, injini iko katikati,” akaniambia. “Doa hili liko chini ya tairi la mbele.”

Sikumjali. Nikampakia binti yetu wa darasa la nne, tukaondoka. Kwenye mteremko wa kuingia shuleni nilikamata breki ya mbele, lakini haikushika kama nilivyozoea. Usukani ulizama, pikipiki ikaendelea kwenda. Tulisimama hatua chache kabla ya wanafunzi waliokuwa wakivuka. Hatukuanguka wala kumgonga mtu, ila siku hiyo sikwenda kazini. Nilikokota pikipiki hadi kwa fundi.

Nini kilikuwa kinavuja?

Ndani ya kila mguu wa shokapu ya mbele mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili huituliza springi isirushe pikipiki ovyo, ili tairi liendelee kushika barabara. Bomba jembamba linalong’aa huingia na kutoka ndani ya bomba nene. Yanapokutana kuna sili, yaani mpira wa mviringo unaozuia oili isitoke, na juu yake kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi.

Sili yangu ilikuwa imekwisha. Oili ilitiririka hadi kwenye diski na pedi za breki, ndiyo maana breki iliteleza.

Mara nyingi sili huharibiwa na tope na vumbi vinavyokaukia kwenye bomba linalong’aa. Mchanga ukiingia hukwaruza mdomo wa mpira. Kutu na mikwaruzo ya mawe nayo huukata, na mpira wenyewe huchoka kwa umri.

Pima mwenyewe nyumbani

Mzazi, kipimo hiki hakihitaji spana. Futa mabomba yote mawili kwa kitambaa safi. Kamata breki ya mbele, kisha kandamiza usukani kwa nguvu mara tano au sita. Angalia kwa tochi ya simu. Ukiona mviringo wa oili kwenye bomba, sili inavuja. Pikipiki ikiendelea kudundadunda baada ya kuiachia, huenda oili imepungua sana.

Wakati mwingine tatizo ni uchafu tu ulionasa kwenye sili. Fundi anaweza kuutoa kwa kipande chembamba cha plastiki laini, bila kufungua shokapu. Ikivuja tena, ni ya kubadilisha.

Ukiona oili imefika kwenye breki, usimpakie mtoto. Usiseme utapita polepole.

Ukifika kwa fundi

Kazi hii si ya kujaribia nyumbani kama huna uzoefu, kwa sababu springi ya ndani imebanwa na inaweza kurusha kifuniko cha juu. Lakini kaa karibu uone mambo haya:

Kwanza, zibadilishwe sili za pande zote mbili, hata kama unavuja upande mmoja. Zimetumika muda uleule.

Pili, bomba linalong’aa likaguliwe kwa kupitisha ukucha. Likiwa na vishimo vya kutu au limepinda, sili mpya haitadumu.

Tatu, sili mpya ipakwe oili na iingizwe sawasawa pande zote. Ikigongwa kwa bisibisi itachanika kabla hata hujatoka gereji.

Nne, oili ya zamani imwagwe yote. Mpya iwe ya shokapu, ipimwe kwa kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na iwe sawa pande zote mbili. Kukadiria kwa macho hakutoshi.

Tano, diski isafishwe na pedi zilizolowa oili zibadilishwe. Kuzifuta tu hakusaidii, kwa kuwa zimeshainyonya.

Baada ya hapo, jaribu breki ukiwa peke yako, mahali pasipo na watu, kabla ya kumpakia mtu.

Kama mwanao hupelekwa na bodaboda

Siku moja mtangulie dereva kumsalimia, kisha tazama miguu ya mbele ya pikipiki yake. Ikiwa imelowa na kushika vumbi jeusi, zungumza naye kwa heshima. Wengi huahirisha kwa sababu kusimama nusu siku ni kukosa hesabu ya tajiri. Afadhali mtoto atembee siku hiyo moja.

Kwetu, kila Jumamosi binti yangu hufuta mabomba ya mbele kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mama yake ametandika kipande cha boksi chini ya tairi la mbele. Kila alfajiri hukiangalia kwanza, nami husubiri mlangoni hadi aseme kikavu.