Muziki Uko Masikioni mwa Nani?

Saluni ninayonyolewa, kule Kirumba, Mwanza, ina mchezo wake wa Jumamosi jioni. Mtu anaunganisha simu na spika ya kinyozi, anapiga sekunde tano za muziki wa filamu, kisha anazima. Wengine wataje filamu. Akipatikana mjuzi, aliyepiga ananunua kahawa na kashata za wote. Wanaokuja ni waendesha bodaboda, wachuuzi wa dagaa wanaopitia hapo wakitoka soko la Mwaloni, na mzee mmoja mstaafu wa meli ambaye hukaa kiti cha pembeni na hukosea kwa nadra sana. Hawapigi zile nyimbo za wasanii zinazowekwa mwishoni majina yanapopanda. Wanapiga muziki wa chini kwa chini, usio na maneno, ambao watu wengi wakishatoka kwenye filamu huapa kwamba hawakuusikia.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Masikio ya pale saluni yananifurahisha kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha, maana wale hawakulazimishwa na mtu. Wanarushiana vipande kwa simu, wanabishana, wanagawanyika makundi mawili kama Wagika na Wagalu. Kwa asiyejua, kwenye mashindano ya ngoma ya Wasukuma hakuna jopo la waamuzi mezani. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Shabiki anapiga kura kwa miguu yake. Ubishi wa saluni unaendeshwa vivyo hivyo, ila safari hii anayehama ni kiti.

Nianze na kipande ambacho kila mwanakwaya atakishika. Imba mi, kisha fa. Ni hatua fupi kuliko zote katika ngazi ya sauti. Kwenye kinanda vitufe vyake vimegusana, hakuna cheusi katikati. Sasa rudia, mi-fa, mi-fa, polepole, kwa sauti ya besi. Huyo ni papa wa Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Mtunzi wake, John Williams, alipompigia kipande hicho kwenye piano kwa mara ya kwanza, Spielberg alicheka akidhani anataniwa. Lakini papa mwenyewe haonekani kwa sehemu kubwa ya filamu, na noti hizo mbili ndizo zinazoogelea badala yake. Zikienda mbio, amekaribia. Kisha kuna pahali watoto wawili wanapita majini na pezi la bandia, na ufuo mzima unataharuki. Hapo mi-fa haisikiki hata kidogo. Mtazamaji aliyefunguka masikio anajua hakuna papa kabla ya yeyote aliyemo kwenye filamu.

Bibi zetu walikuwa na mbinu hii. Kwenye ngano, zimwi lina kibwagizo chake, na mtoto hujifunika shuka bibi akianza kukiimba tu, zimwi halijatajwa bado. Sauti inafungwa kwa kiumbe, na kila inaporudi, kiumbe kimerudi. Watunzi wa filamu wanaishi kwa mbinu hiyo.

Lakini kuna swali jingine, na ndilo hasa lililonikalisha niandike: muziki huu unasikika masikioni mwa nani? Upo unaosikika na watu waliomo ndani ya hadithi, kama redio iliyo mezani, bendi ya harusi, au mtu anayepiga mluzi akifua. Huo niuite muziki wa ndani. Upo pia tunaousikia sisi peke yetu. Wapendanao wanakumbatiana, fidla arobaini zinapanda, na wao hawageuki kutazama wapiga fidla wamekaa wapi. Huo ni muziki wa nje. Wa ndani unakuambia pale pana nini. Wa nje unakuambia uhisi nini juu ya pale. Mamlaka haya ya pili ni makubwa mno, na mtu huyapokea bila kuulizwa.

Mzee wetu wa meli hubadilika uso ikipigwa Sholay, ya 1975 pia. Kizazi chake kilikulia kwenye majumba ya sinema yaliyojaa filamu za Kihindi, ambazo nyimbo zake ziliingia mpaka kwenye taarab ya pwani. Muziki wa Sholay ni wa R. D. Burman. Usiku, Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, amekaa nje akipiga kinanda cha mdomo. Ng'ambo ya ua, juu barazani, Radha, mjane kijana aliyevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Desturi haiwaruhusu. Kinanda kimo mdomoni mwa Jai, Radha anakisikia, nasi tunakisikia: ni muziki wa ndani unaofanya kazi yote ya muziki wa nje, na uchumba wote umepita humo. Mzee husimulia taa zile kwa kidole, akizizima hewani. Siku moja kijana wa bodaboda, ambaye hakuwa amezaliwa filamu ile ilipotoka, aliomba arushiwe kipande kile, na Jumamosi iliyofuata alikuja amekikariri kwa mluzi.

Tukiwa na swali hilo mkononi, tutazame filamu zilizopigwa huku kwetu.

Mwaka 1953 John Ford alitoa Mogambo, wakiwemo Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi ilikopigwa. Filamu hiyo haina muziki wa okestra kama ilivyokuwa kawaida ya Hollywood wakati ule. Kinachosikika ni ngoma na nyimbo za Waafrika. Miongoni mwa waliotajwa mwanzoni mwa filamu ni Wahaya, watu wa upande wa pili wa ziwa hili letu la Mwanza. Wanatajwa kwa kabila. Nilipoitazama mara ya kwanza nilifurahi kusikia sauti za huku zikijaza nafasi ya fidla. Mara ya pili furaha ilipungua. Nyimbo zile zimewekwa kama miti na viboko vilivyowekwa, zikuoneshe kwamba sasa uko mbali na kwenu. Hakuna muziki unaotuambia Mhaya yule anahisi nini.

Hatari! ya mwaka 1962 ilipigwa Tanganyika pia, upande wa Arusha. Henry Mancini aliitungia kipande kiitwacho Baby Elephant Walk, cha watoto wa tembo wanaopelekwa kuoga, na kikapata Grammy. Ni bluzi ya baa 12, na sauti inayokibeba ni ya kaliope, kinanda cha sarakasi cha Wamarekani. Nakipenda sana. Nikikipiga, sauti ya kwanza ya kwaya yangu huanza kutikisa mabega kabla sijafika baa ya tano. Hata hivyo tembo wale ni wa Arusha, na masikio wanayotembelea ni ya mtoto wa Marekani aliyekwenda sarakasi.

Out of Africa ya 1985 ndiyo inayoleta ubishi mrefu kuliko zote. John Barry alipata Oscar kwa muziki wake, na aliistahili. Ndege inapopita juu ya nyanda, fidla zinapanda polepole, pembe zinaingia chini yake, na kifua chako kinapanuka upende usipende. Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa amefikiria kutumia muziki wa Kiafrika. Barry alikuwa na hoja kwamba hadithi hii ni ya watu wawili waliopendana, na Afrika inaonekana kupitia macho yao. Kama mtunzi, alikuwa sahihi. Kaka mmoja pale saluni alilijibu hilo vizuri kuliko ningeweza: alisema basi tujue tumepanda ndege ya nani.

Soma sasa orodha ya waigizaji wa filamu hiyo hiyo. Yumo Job Seda, aliyeigiza Kanuthia. Job Seda ndiye Ayub Ogada, Mjaluo aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya African Heritage ya Nairobi. Barry alikuwa akiiandikia filamu ile fidla, na mbele ya kamera alikuwepo mwanamuziki wa ziwani aliyepewa kuigiza. Mwaka uliofuata Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi vya London, wapita njia wakimrushia sarafu. Humo alisikika na watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo.

Nyatiti ni lazima niieleze kwa karibu, maana wengi wa Mwanza wameiona kwenye picha tu, ingawa ndugu zetu Wajaluo wa Rorya, hapo mkoani Mara, ni jirani. Ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti imechomoza, na juu yake kuna kijiti kinachofunga nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, uzi ule ule wa kuvulia samaki. Mpigaji wa jadi anakaa chini, chombo kikiwa ubavuni. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, na kila pete inapogonga ukingo wa chombo unapata mdundo mkavu kama wa patasi. Mguuni amefunga njuga. Kwa hiyo mtu mmoja anatoa nyuzi, chuma, njuga na sauti yake mwenyewe, na vinne hivyo havitembei pamoja: vidole vinakwenda mwendo wao, mguu mwendo wake, sauti inachelewa kidogo nyuma yao. Kwenye kwaya nikipata sauti nne zinazoachana hivyo bila kupotezana, nalala vizuri.

Mwaka 2005 Fernando Meirelles alitoa The Constant Gardener, hadithi ya mwanadiplomasia wa Uingereza anayemtafuta aliyemuua mkewe, kutoka Nairobi mpaka Ziwa Turkana. Muziki wake ulitungwa na Alberto Iglesias wa Hispania, akateuliwa kuwania Oscar. Ndani yake umo wimbo wa Ogada, Kothbiro. Jina hilo maana yake mvua inakuja. Ni wimbo wa kuhimiza ng'ombe warudishwe nyumbani mapema. Mambo ya boma, ya jioni, ya mama anayeita watoto. Nyuzi zinazunguka zikirudi pale pale, na sauti ya Ogada iko juu yake, laini, haina haraka.

Sasa uliza swali letu. Mpiga nyatiti haonekani. Hakuna mhusika anayemsikia. Ni muziki wa nje. Miaka 20 baada ya fidla za Barry, Mwingereza yule yule wa kwenye filamu za Afrika anahuzunika mbele ya kamera, na anayetuambia huzuni ile ina uzito gani ni mtu wa Nyanza, kwa Kijaluo, kwa nyuzi nane. Mimi nadhani hicho ndicho kitendo kikubwa zaidi ambacho muziki wa ziwa hili umewahi kufanya kwenye sinema, na kinapita bila hata mhusika mmoja kugeuza shingo. Ogada alirudi Kenya, akaishi Nyahera karibu na Kisumu, akafariki Februari 2019.

Mwanza nayo ina filamu yake, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, juu ya sangara na ndege za mizigo. Iliuumiza mji huu, na wapo hapa Kirumba ambao hawataki hata itajwe. Nitasema la masikio tu. Humo mwanamke mmoja anaimba Tanzania, Tanzania, wimbo tulioimba wote mstarini shuleni, akiwa kati ya marubani wageni. Ni muziki wa ndani, na hakuna fidla iliyowekwa chini yake kutuonesha pa kulia. Mara zote ninapofika hapo nakumbuka sauti za wanafunzi wenzangu, kisha namwangalia yeye tena.

Neno moja kwa wapenzi wa mabanda umiza, vile vibanda vya kuoneshea filamu, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikojifunza filamu. Mtafsiri anapoingiza maneno ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, muziki wa chini mara nyingi unafunikwa. Lakini sikiliza watafsiri mahiri kama Lufufu, au DJ Afro wa Kenya. Wanajua pa kunyamaza. Mtu kafunga mlango, hatua zinasikika, nyuzi zinaanza kutetemeka, na mtafsiri aliyekuwa anamimina maneno kama mvua anaacha ghafla. Ameupisha muziki utafsiri.

Jumamosi moja nilipeleka Kothbiro saluni. Nilipiga sekunde tano, nikazima. Mzee wa meli alitikisa kichwa. Wengine wakakisia filamu za vita, mmoja akasema ni tangazo la utalii. Kijana aliyekuwa kwenye kiti akinyolewa, mchuuzi wa dagaa ambaye sikuwahi kumsikia akishiriki, alisema, "Mwalimu, jina la filamu silijui. Irudishe."

Niliirudisha yote. Yeye ni wa Shirati, kule Rorya. Alimwomba kinyozi asimamishe mashine, akavua kandambili ya kulia, na kwa kidole gumba akaanza kugonga kile chuma cha kuwekea miguu, akijaza pigo la pete ambalo yeye alilisikia linastahili kuwa pale. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa. Hakuna aliyezima spika mpaka wimbo ulipokwisha, na kahawa ya siku ile niliinunua mimi.