Anayesoma Fizikia Peke Yake Asiachwe Peke Yake

Kijana wa Lalago aliyemaliza kidato cha nne akarejea katika shamba la pamba la wazazi wake, leo aweza kusoma fizikia ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu pasipo kuvuka mpaka wa kata yake. Ahitaji simu yenye intaneti, daftari, kalamu na saa chache za jioni. Mlango huo haukuwapo kwa baba yake. Twafurahi kwamba umefunguka. Lakini kufunguliwa mlango si kufika. Wengi waingiao humo hurudi nyuma kabla ya nusu ya njia, na yafaa tuangalie kwa nini, na ni nini kiwezacho kufanywa na wakazi wa mahali kama Lalago ili watoto wao wasiwe miongoni mwa hao.

Masomo tunayoyazungumzia ni fizikia isiyotumia kalkulasi. Kalkulasi ni tawi la hesabu lishughulikalo na vitu vinavyobadilika nukta hata nukta, na wanafunzi wa uhandisi hawana budi kulijua. Lakini katika vyuo vingi vya ulimwengu, wale wanaoelekea kwenye udaktari, kilimo, mifugo au ufundi aghalabu hufundishwa fizikia kwa aljebra na hesabu za pembetatu, yaani zilezile azijuazo mtu aliyesoma sekondari kwa bidii. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Rice, kilichoko Houston, Marekani, kilitoa kupitia mradi wake wa OpenStax kitabu kiitwacho College Physics, chenye sura 34, ambacho mtu yeyote aweza kukipakua bila kulipa kitu. Kwa vitabu vya namna hiyo huendeshwa kozi za mtandaoni zisizo na kengele wala tarehe ya kuanza. Mwanafunzi husoma sura, hufanya mazoezi, hujipima, kisha huendelea kwa mwendo wake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba fizikia pasipo kalkulasi ni elimu nusu, wapewayo watu wa mbali kwa sababu ni watu wa mbali. Sivyo hata kidogo. Kanuni ya kuanguka kwa vitu ilielezwa na Galileo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1638, kabla Newton na Leibniz hawajaiunda kalkulasi. Michael Faraday, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu huko London, hakuwa na hesabu za juu; hata hivyo mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha umeme. Mitambo ya bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji huzalisha umeme kwa kanuni hiyohiyo. Hesabu za juu zilikuja baadaye, kwa kalamu ya James Clerk Maxwell, zikaeleza kwa ukamilifu yale ambayo Faraday alikwisha kuyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono.

Tuchukue mfano wa kisima. Mtu na adondoshe jiwe kisimani, ahesabu sekunde mpaka alisikie likigonga maji. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo wake kwa mita 10 kwa sekunde, takriban, katika kila sekunde ipitayo. Jiwe likianguka kwa sekunde 2, lilianza na mwendo wa sifuri, nalo lafika na mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Wastani wa mwendo wake ni mita 10 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 2, wapata mita 20. Ndiyo kusema maji yako mita 20 chini ya ukingo. Hapana kalkulasi hapo. Pana akili iliyotulia na hesabu ya wastani.

Haki yataka tuutaje na mpaka wa elimu hiyo. Wastani ule wafaa kwa kuwa mwendo wa jiwe huongezeka kwa kipimo kilekile wakati wote. Dondosha badala yake bonge jepesi la pamba iliyochambuliwa: hewa hulizuia, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo kizuizi kinavyozidi, mpaka bonge hilo lishuke bila kuongeza mwendo tena. Kutaka kujua kwa hakika lilikuwa wapi katika kila nukta ya safari yake kwahitaji kalkulasi. Basi anayekusudia kuwa mhandisi ajue kwamba kozi hii ni ngazi ya kwanza, si dari. Lakini ngazi ya kwanza haiwi duni kwa sababu iko chini. Bila hiyo hakuna apandaye.

Na manufaa yake hayangoji cheti. Simiyu ni mkoa unaosifika kwa pamba, na pamba tangu shambani hata kiwandani ni kazi ya fizikia. Robota lenye kilo 200 likiinuliwa moja kwa moja mpaka kwenye lori lahitaji kani ya newton 2,000 hivi. Likisukumwa juu ya ubao wenye urefu mara mbili ya kimo cha lori, kani inayohitajika ni nusu yake, tukiacha msuguano, ila umbali nao huwa mara mbili. Kazi haikupungua, imegawanywa tu ili migongo ya vijana isiumie. Kadhalika mzani. Mkulima apelekaye pamba kwenye chama chake cha ushirika husimama mbele ya mzani, na riziki yake ya mwaka mzima hutegemea tarakimu aionayo pale. Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kukagua mizani; lakini nyumba yenye mtu ajuaye kwamba lita 20 za maji zina kilo 20, na ya kuwa kwa ndoo ya maji iliyopimwa vema yeyote aweza kuujaribu mzani, akauliza swali lake kwa adabu, hiyo ni nyumba isiyopunjwa kwa urahisi.

Uhuru wa kwenda kwa mwendo wako mwenyewe nao wastahili sifa yake. Shule ina kalenda yake na shamba lina kalenda yake, na mara nyingi mbili hizo hugombana. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapokuja; yafuata palizi; na kuanzia Mei ni mavuno. Kozi imlazimuyo mtu kuleta majibu katika juma la kupanda humfukuza mtoto wa mkulima kabla hajafungua mdomo. Kozi isiyo na tarehe humngoja. Hebu tufanye hesabu: kitabu kina sura 34, mwaka una majuma 52. Anayesoma sura moja kwa juma hubakiwa na majuma 18 ya kupanda, kupalilia, kuvuna na kuuguza. Mwaka mmoja watosha, nalo shamba lisilale.

Ila uhuru huohuo ndio mtego. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi juu ya kozi za mtandaoni za Harvard na MIT, vyuo viwili vikubwa vya Marekani. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, kati ya kila watu 100 walioandikishwa, waliomaliza walikuwa 3 hivi. Ni kweli kwamba baadhi yao walijiandikisha kuonja tu. Hata hivyo hesabu hiyo yatuonya. Ikiwa watu wenye umeme usiokatika, vyumba vya faragha na intaneti isiyohesabiwa huacha njiani, atakuwaje kijana anayesoma usiku baada ya jembe, kwa simu itumiwayo na nyumba nzima, na kifurushi kinachokwisha katikati ya somo? Mwendo wako mwenyewe usipoangaliwa na mtu, upesi huwa si mwendo tena.

Upo pia mzigo wa lugha. Shule ya msingi kijana huyu aliisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na nyumbani huenda asemacho ni Kisukuma. Kozi nyingi ni za Kiingereza. Akikwama, hajui kama kilichomkwamisha ni fizikia au ni neno. Lakini Kiswahili hakikosi maneno ya elimu hii. Kina kani, kina nishati, kina msuguano, na tangu mwaka 1990 ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aeleweshwe kwanza kwa lugha aiotayo, ndipo ajibu kwa lugha ya mtihani. Yako na majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Hayo hutolewa bure, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Na kubwa kuliko yote ni kukosa wa kuuliza. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba, akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, alitia maziwa ya moto katika jokofu bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu huko Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka; mgeni hakucheka, bali alirudi akalijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wabishana hata leo juu ya sababu yake, na wengine huuliza kama jambo lenyewe hutokea kila mara. Lakini jina la Mpemba limo katika vitabu vya dunia. Swali lake halikuhitaji kalkulasi. Lilihitaji sikio la mtu mmoja. Simu ina majibu mengi, lakini haiwezi kumtazama kijana usoni ikajua kwamba hakuelewa.

Jambo hili si geni kwetu, wala dawa yake si ngeni. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Tanzania haikuwa na walimu wa kutosha kila kijiji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio. Na redio, kama ilivyo simu leo, ni mwalimu asiyemjua mwanafunzi wake. Lakini watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo, wakasikiliza pamoja, wakasoma pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Sauti ilitoka mbali, ila masomo yalifanyika mahali walipo watu, kati ya majirani waliojuana kwa majina.

Basi twaona kwamba Lalago, na kila mahali palipo kama Lalago, paweza kufanya hivyo kwa fizikia, na gharama yake si kubwa. Vijana watano wakubaliane siku moja ya juma, na saa, isiyobadilika. Chumba kimoja cha shule ya sekondari kifunguliwe jioni hiyo. Mmoja wao apakue masomo ya juma zima kwa mara moja, awagawie wenzake kutoka simu hadi simu, ili kifurushi kimoja kiwatoshe watano. Mwalimu wa fizikia wa shule iliyo karibu aombwe kuja hata mara moja kwa mwezi, si kufundisha upya, bali kusikiliza maswali yaliyowashinda. Na halmashauri ione kuwa saa hizo ni sehemu ya kazi yake, si sadaka. Nao wazazi wasimwone binti aendaye huko kuwa amekimbia kazi za jikoni, maana asipopewa saa zake kama kaka yake, mlango huu utakuwa umefunguliwa nusu.

Wala wasingoje maabara. Uzi wenye urefu wa mita moja, jiwe dogo na msumari juu ya kizingiti vyatosha kuanzia. Jiwe libembee kidogo, lihesabiwe bembea 20 za kwenda na kurudi, na saa ya simu ioneshe muda. Utakuwa sekunde 40 hivi, yaani sekunde 2 kwa kila bembea. Kutokana na tarakimu hizo mbili, urefu na muda, vijana hao wataweza kukokotoa kwa aljebra tupu nguvu ambayo dunia huvutia vitu hapo walipo, nao watapata jibu lililo karibu na 9.8, sawa na lile lipatikanalo katika maabara za vyuo. Atakayelipata kwa mikono yake hatalisahau.

Lakini wasidanganywe. Kumaliza kozi ya mtandaoni si kupata cheti cha Baraza la Mitihani, wala hakumwingizi mtu chuoni peke yake. Anayetaka njia hiyo hana budi kufanya mitihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au kuulizia masomo ya awali ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha makazi na kazi zao. Faida ya kozi ni kwamba atakapofika kwenye mlango huo atafika akiwa amejiandaa, si mikono mitupu.

Ndugu zetu wa Lalago hawahitaji kufundishwa maana ya kushirikiana. Jembe la mmoja huchoka. La watu kumi humaliza shamba kabla jua halijawa kali, na hakuna aliyewahi kusema kwamba shamba lililolimwa kwa msaada si la mwenyewe. Elimu nayo ni vivyo hivyo. Kijana aliyewasha simu usiku ili ajue kwa nini jiwe huanguka amekwisha kufanya sehemu yake. Iliyobaki ni yetu: kumfungulia chumba, kumpa wenzake, na kumwuliza kila Jumamosi amefika sura ya ngapi.